Charleston 2015: watu tisa waliuawa kanisani, na serikali ikasema ni chuki, haikusema ugaidi

Hii kesi nimeifuatilia kwa miaka na kila nikirudi kwayo naona inafundisha zaidi kuliko mijadala yote ya "nani gaidi nani siyo" ambayo watu tunabishana kila mara kukitokea shambulio. Kwa hiyo leo naiweka yote hapa toka mwanzo, na wewe utapima.

Jumatano usiku, tarehe 17 Juni 2015, mji wa Charleston, jimbo la South Carolina huko Marekani. Kanisa la Emanuel, la Wamarekani weusi wa madhehebu ya Methodisti, lilikuwa na kipindi chake cha Biblia cha katikati ya wiki, watu 12 tu wako ukumbi wa chini. Akaingia kijana mzungu wa miaka 21, Dylann Roof, hawamjui, hajawahi kusali nao. Wakamkaribisha. Wakampa Biblia na karatasi ya somo la siku hiyo, akakaa jirani kabisa na mchungaji, Clementa Pinckney. Somo lilikuwa Marko sura ya 4, mfano wa mpanzi, mbegu zilizoangukia njiani na zilizoangukia kwenye miamba na zile za udongo mzuri. Alikaa nao karibu saa nzima. Walipofumba macho kwa sala ya kufunga ndo akatoa bastola.

Aliua tisa. Mkubwa wao alikuwa bibi wa miaka 87, mdogo kijana wa 26. Bibi mwingine alikuwa chini ya meza anaomba kwa sauti, Roof akamsogelea akamuuliza kama tayari ameshampiga, akajibu hapana, akamwambia basi nakuacha ili uwasimulie.

Hapo naomba usiparuke. Ninaposema hii kesi inafundisha nazungumzia sentensi hiyo hasa. Muuaji mwenye hasira zake binafsi hahitaji msimulizi, anaua anakimbia. Huyu alitaka habari itoke nje ya ule ukumbi iwafikie watu ambao hawakuwepo, yaani wale tisa aliwaua ili mamilioni wengine wasikie na waogope. Kama kuna maana moja ya ugaidi ambayo mtu yeyote anaielewa bila kusoma sheria, ni hiyo.

Sasa tuangalie lile kanisa lenyewe, maana halikuokotwa tu. Emanuel ni kati ya makanisa ya zamani kabisa ya watu weusi kusini mwa Marekani, lilianza mwanzoni mwa miaka ya 1800 na kati ya wanaotajwa kuwa waanzilishi wake ni Denmark Vesey, mtu aliyekuwa mtumwa akajinunulia uhuru. Mwaka 1822 alishtakiwa kupanga uasi wa watumwa, akanyongwa yeye na wenzake, jumla watu 35, na kanisa likabomolewa. Mwaka 1834 makanisa ya watu weusi yakapigwa marufuku mjini humo, waumini wakawa wanasali kwa kujificha mpaka vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipokwisha 1865. Na mchungaji Pinckney alikuwa pia seneta wa jimbo. Miezi miwili tu kabla, polisi mzungu wa mji wa jirani, North Charleston, alimpiga risasi mgongoni mtu mweusi aliyekuwa anakimbia, Walter Scott, na Pinckney ni kati ya waliosimama bungeni kudai polisi wavae kamera. Kwa hiyo aliyeuawa ni kiongozi wa dini, ni mbunge, na ameuawa ndani ya jengo ambalo historia yake yote ni upinzani dhidi ya utumwa.

Na Roof mwenyewe hakuficha kitu. Alikuwa na tovuti aliyoipa jina la Mrodeshia wa mwisho, Rodeshia ndo ile Zimbabwe ya leo enzi za utawala wa walowezi wachache, na kwenye picha moja amevaa jaketi lenye bendera ya Rodeshia na ya Afrika Kusini ya makaburu. Picha nyingine ameshika bendera ya majimbo ya kusini yaliyopigana ili utumwa ubaki. Kwenye waraka wake aliandika kwamba ameichagua Charleston kwa sababu ya historia yake na kwa sababu zamani ilikuwa na idadi kubwa ya weusi kulinganisha na wazungu, na kwamba wenzake wanaishia kuongea tu mtandaoni hivyo lazima mmoja awe na ujasiri wa kuliingiza jambo kwenye maisha halisi. Magazini nane, kila moja risasi 11, fanya hesabu mwenyewe unapata 88, na 88 kwa wafuasi wa Hitler ni salamu, maana H ni herufi ya nane, kwa hiyo 88 ni HH, yaani "Heil Hitler".

Mtu amechagua mji, amechagua jengo, ameandika waraka, kapiga picha na bendera, kahesabu risasi zitoe ujumbe, kaacha msimulizi.

Alikamatwa kesho yake Shelby, North Carolina. Mwanzoni wizara ya sheria ilisema inaangalia pande zote, uhalifu wa chuki na ugaidi wa ndani. Halafu mkurugenzi wa wakati ule wa FBI, yaani shirika la upelelezi la serikali kuu, James Comey, akaulizwa kama ni ugaidi, akajibu kwamba ugaidi ni vurugu ya kutaka kushawishi chombo cha umma au wananchi, kwa hiyo ni tendo la kisiasa zaidi, na kwa anavyojua hadi hapo yeye haoni siasa humo.

Haoni siasa. Nilisoma hilo jibu mara tatu. Nataka nimtendee haki, ile ilikuwa mapema, uchunguzi ndo kwanza umeanza na ule waraka ulikuwa ndo unajulikana siku hizohizo. Lakini seneta alikuwa ameshauawa na hilo kila mtu analijua.

Twende kwenye sheria sasa, na hapa ndo pana utamu wote. Baada ya 2001 Marekani iliandika maana ya ugaidi wa ndani kwenye sheria zake: kitendo cha hatari kwa uhai, kinachovunja sheria za jinai, kimefanyika ndani ya nchi, na kinaonekana kimekusudiwa kutisha au kulazimisha raia, AU kushawishi sera ya serikali kwa vitisho, au kuvuruga mwenendo wa serikali kwa maangamizi, mauaji ya viongozi au utekaji. Umeiona hiyo "au"? Haisemi lazima iwe serikali. Kuwatisha raia peke yake kunatosha. Comey mwenyewe kataja wananchi kwenye maelezo yake, halafu akaliacha hilo akashika siasa.

Tarehe 22 Julai 2015 mashtaka yakatoka, makosa 33. Tisa ya uhalifu wa chuki uliosababisha kifo na matatu ya kujaribu, tisa ya kuzuia watu kuabudu kwa kuwaua na matatu ya kujaribu, na tisa ya kutumia silaha kuua. Hakuna shtaka hata moja lenye neno ugaidi. Lakini msikilize mwanasheria mkuu Loretta Lynch siku anayatangaza, alieleza kwamba lengo la Roof lilikuwa kuongeza uhasama wa rangi nchi nzima, na kwamba alilichagua kanisa hili makusudi kwa umaarufu na historia yake. Halafu akaongeza kwamba uhalifu wa chuki ndo ugaidi wa ndani wa asili kabisa. Yaani serikali imekieleza kitendo kwa maneno yaleyale ya ile maana ya ugaidi, imekubali kwa mdomo kwamba ni ugaidi, halafu kwenye karatasi imeandika chuki.

Kwa nini? Jibu fupi ambalo wanasheria watakupa ni kwamba hawakuwa na namna, na jibu hilo ni kweli ila ndo penyewe ninapotaka tukae. Ile maana ya ugaidi wa ndani ipo kwenye vitabu lakini haina adhabu. Ni maelezo tu, yanasaidia kwenye uchunguzi, ila hakuna kosa linaloitwa ugaidi wa ndani ambalo unaweza kumshtaki mtu nalo kwenye mahakama za serikali kuu. Makosa ya ugaidi yanayoshtakika yamejengwa juu ya vitu viwili vikubwa. Kimoja ni silaha: bomu linaingia, ndege inaingia, lakini bunduki ya kawaida ikiua raia wa kawaida haiingii. Ukiua watatu kwa bomu la sufuria unaweza kushtakiwa kwa silaha ya maangamizi, ukiua tisa kwa bastola, hapana. Kitu cha pili ni orodha.

Orodha hii iko wizara ya mambo ya nje, ni ya makundi ya kigaidi ya KIGENI. Kundi likishaandikwa humo, mtu yeyote anayelipa msaada wa hali na mali, iwe hela, iwe simu, iwe yeye mwenyewe kujaribu kupanda ndege akajiunge nalo, anaweza kula hadi miaka 20 hata kama hajamgusa mtu. Kwa kundi la wabaguzi wa rangi lililozaliwa ndani ya Marekani hakuna orodha kama hiyo. Na kuna sababu nzuri ya kutokuwepo, katiba yao inalinda sana uhuru wa kusema na kujumuika, serikali ikianza kuandika majina ya makundi ya raia wake itaishia wapi. Sawa. Ila matokeo yake ni kwamba kijana Mwislamu wa Marekani anayetuma hela kwa kundi la nje ni kesi ya ugaidi kabla hata ya damu, na Roof na maiti tisa siyo.

Na kinachoniuma zaidi ni asili ya hiyo orodha. Ilianzishwa na sheria ya 1996. Bunge lilikuwa linafanya nini 1996? Lilikuwa linajibu bomu la Oklahoma City la Aprili 1995 lililoua watu 168, na aliyelitega alikuwa Timothy McVeigh, mzungu, Mmarekani, askari wa zamani, ingawa saa za mwanzo vyombo vya habari vilishaanza kuwatazama watu wa Mashariki ya Kati. Kwa hiyo Mmarekani alilipua jengo, na sheria iliyozaliwa na msiba huo ikatengeneza orodha ya wageni. Sijui niieleze vipi zaidi ya hapo.

Wengine watasema unaionea FBI, kila kesi na mazingira yake. Haya, tuchukue mwaka huohuo na mkurugenzi huyohuyo. Tarehe 16 Julai 2015, mwezi mmoja tu baada ya Charleston, mtu mmoja Mwislamu alishambulia vituo vya jeshi Chattanooga, Tennessee, akaua wanajeshi watano, naye akauawa. Ndani ya saa chache mwendesha mashtaka wa serikali alisimama mbele ya kamera akasema wanalichukulia kama ugaidi, wakati nia ya mtu bado haijajulikana na hakuna waraka wowote uliokuwa umeshapatikana. Tarehe 2 Desemba mume na mke wakaua watu 14 San Bernardino, California, siku mbili baadaye FBI ikatangaza ni uchunguzi wa ugaidi. Mimi sisemi walikosea. Chattanooga walilengwa wanajeshi kwa hiyo siasa ni rahisi kuiona, San Bernardino mke aliapa utii kwa kundi la ISIS. Ninachosema ni kwamba kule lilianza neno ugaidi halafu ushahidi ukafuata nyuma, na Charleston ushahidi ulikuwa mezani, umeandikwa na mtuhumiwa mwenyewe, neno likakataa kutoka.

Kuna wanaouliza, kwani neno lina tofauti gani, si alipata hukumu ya kifo? Ndiyo alipata. Jopo la wananchi lilimkuta na hatia kwa makosa yote 33 Desemba 2016, Januari 2017 likapendekeza kifo. Kwa mtu mmoja aliyekwishaua, neno halibadilishi sana. Linabadilisha kwa wale ambao bado hawajaua, na kwa wale ambao hawataua kamwe.

Ukisema ugaidi, unasema nyuma ya huyu kuna mtandao, kuna mafundisho, kuna jamii inayopaswa kuchunguzwa. Polisi wa New York walikuwa na kikosi kizima cha kuchunguza Waislamu, kinaingia misikitini, migahawani, kinaandika nani anakunywa chai wapi na nani, kikavunjwa 2014. Watu wasio na kosa lolote waliishi miaka wakiogopa kuongea na mgeni msikitini kwa sababu huenda ni mpelelezi. Ukisema chuki, unasema ni moyo wa mtu mmoja ulioharibika, na unamzika na kosa lake. Hakuna aliyetuma wapelelezi kwenye makanisa ya wazungu baada ya Charleston, wala mzungu hakudaiwa asimame mahali aseme dini yangu haihubiri haya, na kweli hawakupaswa kudaiwa. Wala Waislamu hawakupaswa.

Upande wa pili tazama kilichotokea Aprili 2009. Wizara ya usalama wa ndani ilitoa ripoti ya kuonya kwamba siasa kali za mrengo wa kulia zinakua na kwamba zinaweza kuwavuta wanajeshi wanaorudi vitani. Ikazuka kelele kubwa ya kisiasa, waziri akawaomba radhi wanajeshi wa zamani, ripoti ikaondolewa, kitengo kilichoiandika kikapunguzwa. Roof alikuwa na miaka 15 hivi. Sidai kwamba ile ripoti ingemkamata, hakuna anayeweza kujua. Lakini unaona jicho linatazama wapi na linakatazwa kutazama wapi.

Cha ajabu, jimbo lilelile la South Carolina limewahi kuona serikali ikifanya kinyume. Mwaka 1871 Ku Klux Klan, kundi la siri la wazungu wabaguzi, walikuwa wanaua na kuchapa viboko watu weusi waliotoka utumwani ili wasipige kura, na rais Ulysses Grant akasimamisha haki ya kupinga kuwekwa kizuizini kwenye wilaya tisa za jimbo hilo, akatuma jeshi, mamia wakakamatwa. Hapo vurugu za wazungu zilitambuliwa kuwa ni uasi dhidi ya nchi. Kwa hiyo nikisikia kwamba ni vigumu kisheria, nakumbuka kwamba iliwezekana miaka 144 kabla.

Sasa, dawa ni kutunga kosa la ugaidi wa ndani na kuongeza orodha? Hapa nilibadilika mawazo. Mwanzoni nilikuwa nasema ndiyo bila kufikiri. Halafu unakutana na ripoti ya FBI ya Agosti 2017 iliyobuni kundi linaitwa wenye msimamo mkali wa utambulisho wa weusi, na wanaharakati wanaopinga mauaji ya polisi wakajiona wanamulikwa wao. Unakumbuka kwamba FBI hiyohiyo ilimsikiliza Martin Luther King kwenye simu zake. Watetezi wengi wa haki za raia, wakiwemo weusi wenyewe, wanaipinga hiyo sheria mpya kwa sababu wanajua panga jipya likishanolewa shingo ya kwanza itakuwa ipi. Nawaelewa. Na Denmark Vesey, ukitumia lugha ya leo, wakubwa wa Charleston wa 1822 wangemuita nini?

Bado kuna mfano unaonyesha inawezekana kufanya kwa kipimo. Jimbo la New York lilitunga sheria ya ugaidi wa ndani unaochochewa na chuki, ikiunganisha hayo mawili kwenye kosa moja, na tarehe 14 Mei 2022 kijana mzungu alipoua watu weusi kumi kwenye supamaketi ya mji wa Buffalo, sheria hiyo ikamkuta. Alikiri Novemba mwaka huo, akafungwa maisha bila msamaha Februari 2023, wa kwanza kutiwa hatiani kwa kosa hilo. Sheria ile inashika kitendo kilichokwisha kufanyika, haiorodheshi majina ya vikundi wala haitumi mpelelezi kwenye nyumba ya ibada ya mtu. Kwangu hiyo ni njia nzuri kuliko kupanua ile orodha, na ni nzuri pia kuliko kuendelea kama Charleston.

Nimalizie na lilipofikia jambo lenyewe. Oktoba 2021 serikali ilikubali kuwalipa familia na manusura dola milioni 88, kwa sababu mfumo wake wa kukagua wanunuzi wa silaha ulizembea, Roof alishakiri kuwa na dawa za kulevya na hakupaswa kuuziwa ile bastola. Mawakili wa familia waliichagua hiyo 88 makusudi, waichukue mikononi mwa wenye kuitumia kama salamu.

Na Desemba 2024 rais Joe Biden aliwaondolea hukumu ya kifo wafungwa 37 kati ya 40 wa serikali kuu. Akabakiza watatu: Dzhokhar Tsarnaev wa mabomu ya Boston ya 2013, Robert Bowers aliyeua Wayahudi 11 kwenye sinagogi la Pittsburgh mwaka 2018, na Dylann Roof. Taarifa yake ilisema msamaha hauhusu kesi za ugaidi na mauaji ya halaiki yaliyochochewa na chuki. Wote watatu waliua kwa ajili ya imani waliyoibeba kichwani, wote waliwalenga watu wasiowajua. Lakini ilibidi taarifa iwe na maneno mawili, na ukiuliza lile la kwanza ni la nani kati ya hao watatu, kila mtu anajua.